2JZ ya drag imenoki rodi ya 6: tuijenge upya, tuongeze nguvu, isife tena

Streina

Wakuu, salamu kutoka Tanga. Injini iko chini, imefunguliwa mpaka nati ya mwisho, na vipimo vyote naviweka hapa. Tuijenge humu kwanza ndipo ipande stendi.

Gari ni Toyota Mark II JZX100 yenye 2JZ-GTE, injini ya Toyota ya silinda sita, isiyo na VVT-i (mfumo wa kubadili taimingi ya valvu). Tabo moja kubwa, buusti bar 1.6, nozeli za cc 800, pampu moja ya petroli ya lita 255 kwa saa, petroli ya kituo cha kawaida. Makadirio ni farasi 600 kwenye krenki. Kazi yake ni drag, mbio za kunyoosha za mita 402 tu, sokoni haiendi. Imenoki, yaani beringi ya rodi imekufa, mwishoni mwa gia ya nne.

Yaliyokutwa ndani:

Rodi ya 6, beringi imezunguka ndani ya jicho la rodi. Shingo ya krenki imechimbika, palipozama zaidi ni 0.18 mm. Rodi ya 5 na ya 4, kipande cha juu cha beringi kimeliwa mpaka shaba inaonekana, cha chini kiko kijivu safi. Rodi 1, 2 na 3 hazina neno. Beringi kuu za krenki zina mistari myembamba tu, hasa ya 6 na ya 7. Pistoni ya 6, ukingo wa mfereji wa ringi ya juu umebanwa upande wa exozi, ringi haichezi. Plagi za 5 na 6 zina vidoti vidogo vinavyong'aa kwenye kauri. Gia za oili pampu nzima, mikwaruzo kidogo.

Mpango: oili pampu kubwa, pistoni fojedi, rodi za H, stadi (bolti za nati juu) za kampuni ya ARP, silinda zipanuliwe kutoka 86.0 hadi 86.5 mm, lengo farasi 700. Mwenye pingamizi aseme sasa, hela ikishafika kwa muuza spea hairudi.

FundiMabawa

Pingamizi ninalo, na ni hapo ulipoanza na oili pampu.

Tazama tena hizo beringi. Kipande cha juu cha beringi ya rodi ndicho kinachobeba kishindo cha moto. Cha chini, upande wa kofia, kinabeba uzito wa pistoni inapovutwa kurudi chini ikiwa juu bila moto, yaani mzigo wa RPM (mizunguko ya krenki kwa dakika). Kama cha chini ndicho kingekuwa kimeliwa, tungeuliza nani alikosa gia. Kama oili ndiyo ingekosekana, beringi kuu zingekwanguka pamoja na za rodi, wala rodi 1, 2 na 3 zisingebaki safi. Zako zina mistari tu, na hiyo mistari ni chembe za rodi ya 6 zilizosafiri na oili.

Sasa jumlisha na plagi. Vile vidoti ni alumini ya pistoni. Na mfereji wa ringi kubanwa. Hiyo ni detonesheni: petroli iliyobaki pembeni ya silinda inalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, pistoni inapigwa kwa kishindo cha ghafla, na utando wa oili kwenye kipande cha juu cha beringi unakamuliwa. Hakuna oili pampu ya dunia hii inayozuia hilo.

Weka logi ya AFR (uwiano wa hewa kwa petroli, ikipanda petroli imepungua) na presha ya oili kwa mbio hiyo ya mwisho.

Streina

Logi hii hapa. Gia ya nne, buusti imekaa 1.6 muda wote. RPM 5,500 AFR 11.6. RPM 6,300 AFR 12.2. RPM 6,900 AFR 12.9. Presha ya oili bar 4.9 mpaka 6,900, halafu inaanguka mpaka 2.1 ndani ya sekunde moja.

FundiMabawa

Basi mjadala wa oili pampu umekwisha. AFR ilipanda kwanza, presha ya oili ikafuata. Presha ilishuka kwa sababu beringi ilishafunguka, oili ikapata mlango.

Kumbuka pia sensa yako ya AFR iko kwenye daunpaipu (paipu ya exozi baada ya tabo), inasoma wastani wa silinda sita. Ikisema 12.9, iko silinda mojawapo iliyo kavu, yenye petroli kidogo, kuliko hapo. Na silinda za nyuma kwenye injini ndefu kama hii ndizo hupoa kwa shida, kwa hiyo 5 na 6 kutangulia si ajabu.

Boosti_Bar2

Hesabu ya petroli, ili tusibishane kwa hisia.

Injini ya tabo kwenye petroli hula takriban ratili 0.6 kwa saa kwa kila farasi wa kwenye krenki, ambayo ni kama cc 6.3 kwa dakika. Farasi 600 mara 6.3 ni cc 3,780 kwa dakika, sawa na lita 227 kwa saa. Utasema pampu ni ya 255, inatosha. Haitoshi. Ile 255 hupatikana kwenye presha ya reli ya karibu bar 3. Yako ina bar 3 za msingi na bar 1.6 za buusti juu yake, jumla 4.6, na hapo pampu ya aina hiyo inabaki karibu na lita 200. Ukiwa na waya mwembamba wa kiwandani unaoifikishia volti 12 badala ya 13.5, inashuka tena. Nozeli hazina kosa: cc 800 mara sita ni 4,800, asilimia 80 yake ni 3,840, zilikuwa zinatosha kwa kubana.

Kwa farasi 700: cc 4,410 kwa dakika, gawa kwa sita, gawa kwa 0.8, unapata 919. Nunua nozeli za cc 1,000. Pampu inatakiwa itoe lita 265 kwa saa kwenye bar 4.6, ongeza robo ya akiba, lita 330. Usisome namba iliyoandikwa kwenye boksi, soma mchoro wa pampu mahali penye presha yako. Au weka pampu mbili, kila moja na rilei yake, fyuzi yake na waya mnene kutoka kwenye betri, na ardhi mnene vilevile. Watu husahau ardhi.

Halafu mwambie mtu wa kompyuta aweke ulinzi: presha ya petroli ikipungua bar 0.4 chini ya inavyotakiwa, buusti ikatike. Sensa ya presha ya petroli ni bei ndogo kuliko beringi seti moja.

Ngamiani_B21

Wakuu kwa gharama hizi si bora kushuka Dar kuchukua 2JZ nzima ya mtumba, unafunga unawasha?

FundiMabawa

Ukiifunga kwenye pampu ileile itanoki mwezi huohuo. Ya mtumba nayo lazima ifunguliwe, hujui kilichomo.

Mama_Toki

Niache petroli kwa wenyewe, nizungumzie chuma.

Krenki. Shingo ya rodi kwenye 2JZ ni 52 mm. Umechimbika 0.18 mm, hilo ni shimo la upande mmoja, yaani kipenyo kingepungua 0.36 ukitaka kulifuta lote. Kuchonga kwa 0.25 hakufuti, mstari utabaki. Itabidi 0.50, na kwa injini ya drag krenki iliyochongwa hivyo kwenye shingo iliyokwishaungua kwa moto wa beringi siipendi. Ugumu wa juu wa chuma pale umeshapotea. Ushauri: tafuta krenki nyingine ya 2JZ nzima, ipimwe ufa kwa unga wa sumaku, ilazwe kwenye vibao vya V shingo ya 1 na ya 7 na kupimwa mpindo shingo ya katikati. Kikomo ni 0.06 mm, ila mimi ikivuka 0.03 inarudi kwa mwenyewe. Ipigwe polishi tu, kona za shingo zisiguswe na jiwe lenye ncha kali, maana ufa wa krenki huanzia konani.

Nafasi za beringi. Kanuni ni sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha shingo. Rodi 52 mm, nafasi 0.052. Krenki 62 mm, nafasi 0.062, nakubali kuanzia 0.055. Kiwandani ni ndogo zaidi, krenki huanza 0.026, lakini Toyota hawakuijenga kwa RPM 8,000 na farasi 700. Nafasi ipimwe kwa maikromita na geji ya kipenyo cha ndani, rodi ikiwa imekazwa na beringi imo. Pima wima, usipime kwenye maungio ya vipande viwili, pale kiwanda huacha upana makusudi. Plastigeji (uzi laini unaobanwa kupima nafasi) ni ya kuhakikisha, haimwachishi mtu maikromita. Nafasi ikikosekana kidogo, zipo beringi za mbio zinazouzwa zikiwa na nafasi ya ziada ya 0.025. Unachanganya, kipande kimoja cha kawaida na kimoja cha ziada, unapata katikati.

Mchezo wa krenki mbele na nyuma: 0.02 hadi 0.22 kwenye kitabu. Kwa klachi nzito ya drag lenga 0.12 hadi 0.18. Zile washa za kuzuia krenki isitembee mbele na nyuma ziko kwenye beringi kuu ya 4, na mifereji yake ya oili itazame krenki, isitazame bloku. Ikigeuzwa krenki inakula washa ndani ya siku moja.

Ukibadili bolti za kofia za krenki ukaweka stadi, njia ya krenki ipimwe upya na stadi zikiwa zimekazwa. Stadi huvuta kofia kwa namna nyingine na tundu linaacha duara. Watu wengi huruka hapa, halafu wanalalamikia beringi.

Streina

Mama Toki, kwenye rodi ulishaona hizi bolti za chuma cha L19? Muuzaji anazisifu kuliko ARP2000.

Mama_Toki

Kwa nguvu ni kweli. Kwa Tanga, hapana. L19 haipatani na unyevu wala jasho la mkono, inaota kutu ndogo usiyoiona, na kutu hiyo inazaa ufa, bolti inakatika bila taarifa. Wenye kuitengeneza wenyewe wanataka ilindwe na oili muda wote. Hewa ya Raskazone saa moja asubuhi inatosha kuiharibu ikiwa imelala wazi kwenye benchi. Chukua ARP2000, na ukiwa na fedha zaidi Custom Age 625+, ambayo haina shida na kutu.

Bolti ya rodi pima urefu wake kabla ya kuikaza mara ya kwanza, andika kwenye karatasi, namba kwa namba. Kazia kwa kuvutika kwake, kwa kipimo cha karatasi iliyokuja na rodi, si kwa kusikiliza spana. Ukiifungua siku nyingine, pima. Ikibaki ndefu kuliko mwanzo kwa 0.025 mm, itupe.

ChumviBahari

Kutu imetajwa, basi niendelee. Bloku ikitoka kuchongwa haitakiwi kulala kavu hata usiku mmoja huku mwambao. Silinda mpya inaota wekundu kabla ya adhana ya alfajiri. Ikishasafishwa, futa kwa kitambaa cheupe na oili ya gia boksi nyepesi mpaka kitambaa kitoke cheupe, funga kwenye nailoni.

Na usafishaji wenyewe ndio unaoua injini nyingi za pili. Beringi iliyozunguka imemwaga shaba na chuma kila mahali. Toa plagi zote za njia za oili kwenye bloku, pitisha brashi ndefu, maji ya moto na sabuni ya unga, hewa ya kompresa, rudia. Krenki nayo, kila tundu. Zile nozeli ndogo za kupulizia oili chini ya pistoni, GTE inazo sita, toa moja moja, hakikisha valvu yake inacheza. Chembe ikiizuia wazi, presha inapotea. Ikiizuia imefungwa, pistoni inapikika.

Oili kula, yaani kipoza oili: tupa. Usioshe. Yale mapezi ya ndani yanashika chembe na kuziachia siku ya mbio. Hozi zake pia, na paipu ya oili ya tabo. Tabo ifunguliwe itazamwe beringi zake.

Rejeta usiijaze maji ya kisima. Visima vyetu vya mwambao vina chumvi na chokaa, hedi ya alumini inaliwa kuzunguka gasketi. Maji ya betri yaliyochujwa na kulanti, basi.

Boosti_Bar2

Pistoni: uliza zimetengenezwa kwa alumini ipi kabla silinda haijachongwa. 4032 haitanuki sana, unaweza kuiachia nafasi ya 0.05 mm. 2618 ni ngumu kuvunjika kwenye kishindo lakini inatanuka, inataka 0.08 hadi 0.11, na itagonga kidogo injini ikiwa baridi. Kwa hii ningechukua 2618. Karatasi ya mtengenezaji ndiyo hakimu, na pistoni sita ziende kwa fundi pamoja na bloku, kila silinda ichongwe kwa pistoni yake.

Silinda zichongwe na kuhoniwa toki pleti (bamba nene linaloiga hedi) ikiwa imefungwa juu kwa stadi zilezile na toki ileile ya hedi. Bila hiyo, silinda ni duara mezani, ukifunga hedi inakuwa yai. Kama mashine shopu ya karibu haina toki pleti ya JZ, bloku ipande basi iende Dar, au ivuke mpaka wa Horohoro iende Mombasa. Nauli ni ndogo kuliko kuchonga mara mbili.

Ngamiani_B21

Nafasi ya ringi je? Fundi mmoja anasema 0.30, ikizidi injini inakunywa oili.

Mama_Toki

0.30 kwenye gari la kwenda Muheza na kurudi. Kwenye buusti hiyo ringi inapata moto, inarefuka, ncha zinagusana, na ikishagusana haina pa kwenda: inakwangua silinda au inang'oa ukingo wa pistoni. Ile pistoni ya 6 ingeweza kufia hapo hata bila detonesheni.

Ringi ya juu, kipenyo mara 0.006. Silinda ya 86.5 inatoa 0.52 mm. Ya pili mara 0.0065, inatoa 0.56. Ya pili iwe pana kuliko ya juu ili gesi iliyopenya isikwame katikati na kuinyanyua ile ya juu. Ringi isukumwe chini kwa pistoni ili ilale sawa, upimwe kwa fila geji, na ikatwe upande mmoja tu kwa mashine ya ringi, kutoka nje kwenda ndani. Oili hainywewi kwa sababu ya nafasi ya ncha. Inanywewa kwa silinda mbaya na ringi ya oili iliyopandana.

FundiMabawa

Hedi nitapita haraka. Ipimwe unyoofu, kwa gasketi ya chuma tabaka nyingi nataka isizidi 0.05 mm, na uso uwe laini kweli, si ule wa kusagwa na msasa juu ya kioo. Springi za valvu mpya za mbio. Buusti inasukuma valvu ya intake kwa nyuma, na springi ya kiwandani ikifika RPM 7,500 haifungi kwa wakati. Nafasi za valvu injini ikiwa baridi: intake 0.15 hadi 0.25, exozi 0.25 hadi 0.35.

Toki. Kitabu cha Toyota kinasema bolti za hedi Nm 34, kisha digrii 90, kisha 90 tena. Hiyo ni ya bolti za Toyota. Ukiweka stadi za ARP unafuata karatasi ya ARP, na mafuta yake ya stadi, si oili ya injini. Kuchanganya hivi viwili ndiko kunakoleta gasketi iliyopulizwa au stadi iliyovutika. Stadi zenyewe zinaingia kwenye bloku kwa mkono, hazikazwi kwa spana. Nati 14, kutoka katikati kwenda nje, awamu tatu.

Oili pampu weka mpya ya kawaida, inatosha. Ila angalia streina (chujio la kunyonyea oili) iko upande gani wa sampu, lile beseni la oili chini. Gari likiruka mwanzo oili inakimbilia nyuma, likifunga breki baada ya mstari inakimbilia mbele. Weka vizuizi vyenye milango kwenye sampu, na oili lita moja zaidi ya kawaida kama krenki haiigusi.

Streina

Nafasi za beringi zimeongezeka, oili je? Hapa kila mtu anasema 20W-50.

FundiMabawa

Kwa nafasi ya 0.055 na joto letu, 15W-50 ya sintetiki ndiyo ningeweka kwenye mbio. 20W-50 haitaua, lakini ukiiwasha baridi na kuipiga RPM papo hapo inachelewa kufika. Kipimo ni presha: bar 0.7 kwa kila RPM 1,000, oili ikiwa na digrii 90. Kwa hiyo RPM 7,000 unataka karibu bar 5. Ikizidi hapo sana unapoteza nguvu kuizungusha pampu.

Kuwasha mara ya kwanza: oili ya madini, si sintetiki. Plagi zote nje, fyuzi ya petroli nje, piga stata sekunde kumi kumi mpaka geji ya oili inyanyuke. Ndipo uweke plagi na uwashe. Usiiache isailensi (ingurume bila mzigo) nusu saa, ringi hazikai kwa kusailensi. Ipe mzigo wa wastani, buusti ya chini, achia pedali, ipe tena. Baada ya dakika 30 mwaga oili, kata filta, ikunjue ile karatasi juani. Vumbi la kijivu laini ni ringi zinakaa. Vipande vinavyong'aa ambavyo kucha inavihisi, injini inarudi stendi.

Boosti_Bar2

Taimingi na petroli ya kituo: anza na digrii 10 hadi 12 kwenye buusti kamili, lambda 0.78 (AFR kama 11.5), buusti bar 1.0. Plagi baridi kwa hatua mbili kuliko za kiwandani, mwanya 0.6 mm. Mbio moja, zima injini baada ya mstari, toa plagi zote sita, tazama kauri kwa lenzi. Hakuna vidoti, ongeza bar 0.2, rudia. Kidoti kimoja, rudisha digrii mbili na utafute sababu. Na ukifanya kazi hii saa nane mchana, hewa ya kuingilia ikivuka digrii 55 baada ya intakula (kipoza hewa ya tabo), kompyuta ipunguze taimingi yenyewe. Ramani iliyotengenezwa usiku haifai mchana.

Ngamiani_B21

Puli ya krenki ya zamani inarudi?

Mama_Toki

Hairudi. Puli ya JZ ni vyuma viwili vilivyogandishwa kwa mpira, na mpira una umri wa injini. Ukilegea, mtetemo wa krenki hauzimwi tena, na wa kwanza kupokea ni gia za oili pampu, kwa sababu zinaendeshwa na pua ya krenki hapohapo mbele. Zinapasuka vipande. Nunua dampa ya mbio kabla ya kununua rodi, na rodi, pistoni, krenki, dampa, flaiwili na sahani ya klachi viende kwenye balansi kwa safari moja.

Streina

Orodha imebadilika: krenki nyingine, dampa, pampu mbili na waya wake, sensa ya presha ya petroli, nozeli za cc 1,000, oili kula mpya. Rodi na pistoni zinafuata. Oili pampu kubwa imefutwa.